Kimea kwenye Ukuta wa Nyuma

Jumamosi iliyopita nilinunua chupa ya jiki, lita nzima, kwa ajili ya ukuta wa nyuma wa nyumba ninayopanga hapa Busia. Mvua za mwaka huu zimekaa sana, na ukuta huo umeota ukungu kutoka chini hadi karibu na dirisha, kijani mahali pengine, mweusi mahali pengine. Nilivaa gauni kuukuu, nikachuchumaa uani, nikafungua kifuniko. Harufu iliponipiga puani nikajikuta nina miaka minane, nimesimama nyuma ya nyumba yetu kule Masaba, sijui nilie au nikimbie. Wenzangu wa rika langu wakisikia harufu fulani hukumbuka mapishi ya mama zao. Mimi hukumbushwa na dawa ya kutoa madoa. Ndivyo nilivyojaliwa.

Nyumba ile aliijenga baba. Alikuwa akipakua mizigo pale mpakani, na kila alichopata alikigeuza kuwa tofali, bati au mfuko wa saruji. Upande ule wa kijiji ilikuwa nyumba ya kwanza kupigwa plasta na kupakwa rangi nje, rangi ya maziwa, na sisi watoto tulikatazwa kuiegemea tukiwa na tope mwilini. Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba iliyosongamana hadi majani yakagusa ukuta, na jua halikufika huko hata saa sita mchana. Dirisha la chumba chetu, mimi na mdogo wangu Wandera, lilitazama huko kwenye migomba. Kitanda cha Wandera kilikuwa chini ya dirisha hilo hilo.

Baba aliugua siku chache tu, wakati wa kiangazi, akafa. Katika msiba nakumbuka zaidi miguu ya watu wazima, na jinsi kila aliyepita alivyoniwekea mkono kichwani. Walimzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Kisha mvua zikaja. Wiki ya kwanza ukuta ulionekana umelowa tu. Wiki ya tatu ulikuwa na rangi ya kijani chini kabisa, pale unapokutana na ardhi, na kijani kile kikaanza kupanda.

Hapa lazima nimtaje Senge, dada yake baba. Alikuwa ameolewa karibu, na baada ya msiba alikuja kwetu takriban kila siku kuhakikisha mambo ya ukoo yanafuatwa. Mama hakuwa Msamia kama akina baba. Alitoka Mwello, upande wa Tororo, kwa Wajapadhola, na kwa Senge alikuwa bado mgeni hata baada ya kuzaa watoto wawili. Kwa akina baba utaratibu ulikuwa huu: mwanamume akifa, nyumba yake haiguswi mpaka matanga yamalizwe. Haipakwi rangi, haizibwi ufa, haioshwi. Mjane akiigusa kabla ya siku hiyo, watu husema amemfungia mumewe mlango na anamfungulia mwingine. Na matanga ya baba yalikuwa yakisogezwa mbele kila mara, kwani kaka yake mkubwa alikuwa kazini upande wa Kenya na hakuna aliyejua angepata ruhusa lini. Mama alikuwa ameshaandaa kimea cha pombe ya siku hiyo. Alikuwa ameotesha ulezi, akauanika, akausaga, akauweka kwenye chungu kilichofunikwa, kule pembeni ya chumba chake.

Siku moja Mama alisimama nyuma ya nyumba, mikono kiunoni, akasema ule uchafu lazima utoke. Senge alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mboga. Aliinuka kama ameng'atwa na siafu.

"Mama Nafula, wacha! Matanga haijaisha. Mwenye nyumba bado iko. Iko hapa hapa."

Akanyoosha kidole kuelekea ukutani.

Nafula ni mimi. Nilikifuata kile kidole kwa macho, na kilikuwa kimeelekea moja kwa moja kwenye ukungu. Leo najua Senge alimaanisha nini: kwamba mtu hahesabiwi kuwa ameondoka nyumbani mpaka ukoo umuage. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane, na hakuna mtu aliyekuwa amenieleza baba yuko wapi. Mchungaji alisema yuko mbinguni. Kaburi lilisema yuko chini ya udongo. Sasa Senge, ambaye hata wanaume walimwogopa, anasema yuko hapa hapa na anaonyesha kwa kidole. Nikajumlisha nilivyoweza. Ile rangi haikuwepo baba alipokuwa hai. Ilianza baada ya kuzikwa, upande wa kaburi, kutoka chini ardhini. Na ilikuwa inapanda. Nikaona hesabu imekubali, nami nikafurahi.

Kuanzia siku hiyo nikawa napita nyuma ya nyumba kila nikirudi shuleni. Niliupima ukungu kwa mwili wangu. Ulikuwa umefika magotini, ukafika kiunoni, ukafika kwapani. Nilimwambia habari za shule, na kwamba mwalimu wa hesabu amenipiga bila kosa, na kwamba mbwa amezaa. Wandera peke yake ndiye niliyemwambia siri hiyo. Alikuwa na miaka mitano na alikuwa anaamini kila nilichosema, hata kwamba mwezi hufugwa.

"Baba anapanda kwa ukuta," nilimwambia. "Akifika dirishani tutamwona."

"Atafika lini?"

"Mvua ikinyesha sana."

Basi tukawa tunaomba mvua, sisi wawili, wakati majirani wote wanaomba jua waanike mahindi.

Kifua cha Wandera kilianza taratibu. Mwanzo kilikuwa kikohozi cha asubuhi, kisha filimbi ndogo alipolala, kisha siku nzima mabega yake yanapanda na kushuka kama mtu aliyekimbia kutoka mbali. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, na mimi nilifuata nimebeba chupa ya maji. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Akauliza analala wapi. Mama akamweleza. Akauliza ukuta wa hapo ukoje. Mama akamweleza na hilo.

"Hiyo ukungu inaingia mpaka ndani, mama, na mtoto anaivuta," muuguzi alisema. "Toa hiyo kitu. Hii dawa nakupa haitasaidia kama analala hapo. Mimi sitaki kukuona unaleta huyu mtoto akiwa hapumui."

Tukirudi, tulipofika Busia mjini, Mama aliingia dukani akatoka na chupa ya jiki. Mimi nilidhani ni ya kufulia sare zetu.

Kesho yake alijifunga leso puani na kuanza kazi, saa tatu asubuhi, mbele ya macho ya yeyote aliyetaka kuona. Alichanganya jiki na maji kwenye ndoo, akaloweka tambara, akasugua. Ile harufu kali ikajaa migombani. Maji yaliyotiririka yalikuwa ya kijani, na nyuma yake rangi ya maziwa ikatokea, safi. Nilipiga kelele. Nilimshika gauni nikamvuta, nikamwambia aache, aache, anamuumiza.

"Namuumiza nani?" Mama aliuliza.

Nilizidi kuvuta gauni. Alidhani nina wasiwasi juu ya Wandera, akanikumbatia kwa mkono ulionuka jiki, akaniambia mdogo wangu atapona. Senge alipofika jioni na kuona ukuta hakugomba hata kidogo. Alimwangalia Mama, akatema mate kando, akaondoka bila kuaga. Hilo lilinitisha kuliko kama angepiga mayowe.

Nilikaa siku mbili nikitafuta njia ya kumrudisha baba. Jibu nililipata katika kitu nilichokuwa nimekiona tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Pombe ya ulezi ikiisha chunguni haimaanishi imeisha kabisa. Unachukua masimbi, yale machicha yaliyobaki chini, hata kidogo, unachanganya na uji na kimea, unafunika, na baada ya siku chache chungu kinaamka upya, kinapumua, kinatoa povu. Nilikuwa nimewaona wanawake wakifanya hivyo mara nyingi, Mwello na Masaba. Kwa hiyo nilijua kilichohitajika: masalio ya zamani, uji, na kimea.

Masalio yalikuwepo. Mama hakuwa amefika ile kona ya mwisho karibu na bomba la maji ya mvua. Alasiri moja, Mama yuko shambani na Wandera amelala baada ya kunywa dawa, nilikwangua ukungu wa kona ile kwa kifuniko cha kopo. Nikachota uji uliochacha kwenye sufuria ya asubuhi. Halafu nikaingia chumbani kwa Mama, nikafunua chungu cha matanga, nikajaza kikombe kizima cha kimea. Nilijua ni wizi. Nilijua pia ni kimea cha baba mwenyewe, kwa hiyo nikaona nampelekea chake. Nilikoroga kila kitu kwenye bakuli, nikaupaka ukuta kwa viganja, kuanzia chini hadi mahali mkono wangu ulipofika, karibu na ukingo wa dirisha. Nikamaliza, nikanawa mikono, nikakaa mlangoni kama mtoto mwema.

Mvua ilinyesha siku kumi mfululizo. Na ukungu ukarudi. Si kama awali, ulirudi mnene, wenye manyoya, mweusi, wa kijivu na wa kijani, ukiwa umejaa ukuta wote wa chini ya dirisha kwa wakati mmoja. Mimi mwenyewe nilipouona niliruka nyuma. Nilikuwa nimetaka arudi, lakini sikutegemea awe na sura ile.

Senge alikuja kuutazama, akiwa na wanawake wawili wa ukoo.

"Mmeona?" aliwaambia. "Mwenyewe amekataa. Nilisema."

Ndipo nilipomwona Mama akiogopa kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Yeye aliyebishana na askari wa mpakani, aliyeua nyoka kwa mwiko, alisimama mbele ya ukuta ule akaanza kurudi nyuma. Alikuwa ameusafisha vizuri. Alijua kwamba ameusafisha. Hakuugusa tena. Nami sikumwambia kitu, kwa sababu kichwani mwangu mambo yalikuwa yamechanganyika kabisa. Kama baba amerudi kwa kimea changu, basi ni mimi niliyemleta. Na kama amerudi kwa sababu amekasirika, basi Senge ni mkweli na mimi sikufanya chochote. Nilishindwa kujua lipi kati ya hayo ni baya zaidi.

Wandera akazidiwa. Ilikuwa mchana, baada ya chakula ambacho hakukila. Filimbi ya kifuani ilisikika hadi uani, kucha zake zikabadilika rangi. Mama alimwinua akamkalisha kitandani, akamshika mgongo, lakini yeye alizidi kugeuza uso kuelekea dirishani, na sote tukadhani anatafuta hewa. Senge alisimama mlangoni akisema waitwe wazee waongee na ukuta. Mama alikuwa analia waziwazi. Nikatoka mbio hadi kwa Kukhu.

Kukhu ni bibi yetu, mama yake baba. Aliishi katika nyumba yake ndogo ng'ambo ya ua, na tangu mazishi alikuwa hatoki sana. Alikuwa akikaa mlangoni, miguu imenyooshwa, akitazama upande wa pili. Nilimwambia maneno yote kwa pamoja, Wandera, ukungu, Senge, sijui hata kama yalieleweka. Aliinuka akishika ukuta, akachukua fimbo, akanifuata.

Hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapitisha vidole viwili kwenye ule ukungu, akavinusa. Alivinusa tena. Kukhu alikuwa ametengeneza pombe ya ulezi tangu ujana wake, na pua yake hakuna aliyeweza kuidanganya. Polepole akageuka akaniangalia. Nikajua amejua.

"Mama Nafula!" aliita. "Toa mtoto hapo. Mpeleke kwangu, mlaze karibu na mlango. Halafu kimbilia boda mwende zahanati." Kisha akanigeukia mimi. "Weye, nenda jikoni. Juu pale, chini ya bati, kuna burashi ya baba yako. Leta."

Sikuwahi kujua kwamba baba alikuwa na burashi jikoni. Nilipanda juu ya kinu, nikapapasa, nikaikuta. Ilikuwa na mpini wa mbao uliolainika kwa kushikwa, na nywele zake zilikuwa na rangi ya kijani iliyokauka, ya zamani sana.

"Kila mwaka wakati wa mvua alikuwa anaosha hii ukuta," Kukhu alisema, akiichukua. "Nyinyi mko shule, hamwoni. Na kule juu kwa gata alikuwa anapanda anatoa majani. Sasa nani anapanda? Angalia maji inamwagikia wapi."

Niliangalia. Gata lilikuwa limejaa majani ya migomba, na maji yaliyopaswa kwenda kwenye pipa yalikuwa yanateremka ukutani.

Senge alikuwa amefika. "Mama," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya mtoto. "Matanga bado."

"Matanga ya nani?" Kukhu aliuliza. "Si ya mwanangu? Siku amezaliwa ni mimi nilimuosha. Leo nani atanikataza kumuosha?"

Hakuna aliyemkataza. Alimwaga jiki iliyobaki kwenye ndoo, akaniambia nishike ndoo na nisivute ile harufu karibu, akaanza kusugua. Alianzia chini, akapanda juu. "Ukianzia juu maji chafu inachora michirizi," alisema. "Yeye alikuwa anaanzia chini." Alipochoka akampa Senge burashi bila kumtazama. Senge aliipokea. Alisugua huku machozi yanamtiririka hadi kidevuni, na mimi nilishika ndoo nikielewa machache hata kuliko pale mwanzo, yaani sikuelewa chochote. Kama ule ulikuwa ukungu tu, wa gata lililoziba, kwa nini Kukhu alisema anamuosha mwanawe? Na kama alikuwa mwanawe, ule uliotiririka hadi kwenye migomba ulikuwa nani?

Kuhusu kimea Kukhu hakuniambia neno hadi alipokufa. Siku ya matanga ilipofika, pombe ilikuwa pungufu, na watu walipouliza alisema panya wa nyumba ile wanajua kula.

Migomba ilikatwa, gata likazibuliwa, Wandera akalala kwa Kukhu mpaka kiangazi. Alipona. Leo ni dereva wa malori, anakaa Malaba upande wa Kenya, na kifua chake hulalamika tu akikutana na vumbi la simenti. Mimi nilikua na siri yangu. Kwa miaka mingi nilijua kwamba nilikaribia kumuua mdogo wangu kwa kikombe cha kimea, na kila nilipotaka kumwambia niligeuza mazungumzo.

Jumamosi hiyo ya jiki alikuwa amenitembelea. Alinikuta nimechuchumaa mbele ya chupa, akacheka, akavua shati, akajifunga kitambaa puani na kuninyang'anya burashi. Alianzia chini. Nilimtazama akisugua, na harufu ile ikanitoa maneno ambayo sikuyapanga. Nilimwambia yote, kopo, uji, chungu cha Mama, viganja vyangu. Nilimwomba msamaha. Nililia kama mjinga, mwanamke mzima uani kwake.

Hakuacha kusugua.

"Dada, nilikuona," alisema.

"Uliniona nini?"

"Siku hiyo unapaka. Ulidhani nimelala. Dirisha si ilikuwa juu ya kitanda yangu? Nilisimama nikachungulia. Ulikuwa hapo chini, mikono yote nyeupe."

Nikahesabu siku zile kumi za mvua, na mchana ule kucha zake zilipobadilika rangi, na jinsi alivyokuwa anageuza uso.

"Ulijua? Na ulikuwa huwezi kupumua! Mbona hukumwambia Mama?"

Wandera alitia burashi kwenye ndoo, akaikung'uta, akarudi ukutani.

"Ningesema, angeosha," aliniambia. "Na Baba alikuwa amebakisha kidogo tu afike dirishani."